Laptopu imekuwa kobe baada ya apdeti: nifute ekstensheni zote, nitenge profaili, au nihame brauza?

Steshenari_Madungu
Assalaam alaykum jamani. Nna kiduka cha kuchapa na fotokopi hapa Chake Chake. Laptopu yangu ni ya RAM 4GB, Windows 10, na diski ni ile ya zamani ya kuzunguka. Mpaka Jumatatu ilikuwa inakwenda kizee, lakini inafika. Jumanne asubuhi Chrome ikajiapdeti, ekstensheni nazo zikajiapdeti, na tangu hapo n'nakoma. Nikichapa "karafuu" inatokea k, kimya, halafu "arafuu" yote inamwagika kwa pamoja. Feni inanguruma kama boti inayong'oa nanga Mkoani.

Kazi zangu nyingi ziko ndani ya brauza. Walimu wananitumia mitihani kwenye Google Docs, wanasahihisha humo humo, halafu kuna vijana wa kujaziwa fomu za vyuo. Ekstensheni, hivi vijiprogramu vya kuongezea brauza kazi, nnazo saba: ya kuzuia matangazo, ya kusahihisha Kiingereza, ya kugeuza PDF, ya kupiga picha skrini, ya tafsiri, ya kuweka kurasa ziwe nyeusi usiku, na VPN ya bure, ile ya kupitisha mtandao wako kwa kompyuta ya mtu mwengine, aloniwekea mpwa wangu.

Watu watatu wamenipa dawa tatu: zifute zote, tengeneza profaili mbili, hamia Firefox. Ipi bora? Wiki ijayo shule zinaleta majaribio ya Kidato cha Pili, sina nafasi ya kubahatisha.

Fundi_Mlandege
Waalaykumu ssalaam dada. Usifute kitu bado. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc. Litafunguka dirisha dogo lenye orodha ya vichupo (kurasa ulizozifungua) na ekstensheni, na pembeni utaona kila mmoja anakula memori kiasi gani na CPU, yaani nguvu ya ubongo wa kompyuta, kiasi gani. Gonga juu ya neno CPU wapangike kuanzia mlafi. Halafu tuambie.

Hiyo VPN ya bure toa leo leo, wala usingoje jibu la uchunguzi. Kila unachokifungua kwenye brauza kinapita kwa mtu humjui.

Steshenari_Madungu
VPN nshaitoa, mpwa wangu kanuna. Nimeangalia dirisha: juu kabisa ni vichupo vyenyewe, kile cha Google Docs kinapanda mpaka CPU 90. Kwenye ekstensheni, mkubwa ni wa kuzuia matangazo, 140 MB. Wengine wadogo wadogo. Nikamzima huyo mkubwa. Wallahi imezidi! Nimefungua ukurasa mmoja wa habari, video tatu zikaanza kucheza peke yake, na bando langu nikaliona linayeyuka.

BintiKonde
Dada, mrudishe haraka, huyo si mwizi wako. Kizuia matangazo kinakula memori yake, lakini kinakuokoa na yale matangazo na video ambazo kila moja ingekula zaidi. Kwenye mashine ya 4GB mie ndiyo ekstensheni ya mwisho ningeitoa.

Sasa skiza, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ekstensheni ina sehemu mbili. Moja inakaa nyuma ya pazia, na hiyo ndiyo unayoiona kwa jina lake kwenye Shift na Esc. Ya pili inaingizwa ndani ya ukurasa uloufungua, inafanya kazi humo pamoja na ukurasa wenyewe, na ulaji wake unahesabiwa kwa kichupo. Kwa hiyo Google Docs anasimama mahakamani kwa kosa la mgeni wake. CPU 90 unapochapa, herufi zinakwama: kuna mtu ndani ya ukurasa anasoma kila unachoandika.

Fungua dirisha la faragha, Ctrl+Shift+N. Humo ekstensheni zimezimwa zote isipokuwa ulizoziruhusu mwenyewe. Chapa mtihani ule ule. Ikiwa nyepesi, shida ni ekstensheni. Ikibaki nzito, tutafute kwengine.

Mzee_wa_Vikokotoni
Mnazunguka mbuyu. Nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ongeza RAM ifike 8, mambo yakwishe. Halafu Windows 10 imeshaachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, masahihisho ya usalama ya kawaida hayaji tena.

BintiKonde
Mzee wangu, kuhusu SSD hukukosea, atafaidika kila siku ya Mungu. Lakini diski ile ile ilikuwemo Jumatatu na alikuwa anachapa. SSD itawasha mashine haraka na kufungua programu haraka. Haimzuii mtu kula CPU.

Ami_Wete
Mie niseme la kuhamia Firefox, maana nilihama mwaka jana na sijarudi.

Uzuri wake kwa shida hii hasa: andika about:addons, ingia kwenye ekstensheni moja moja, utakuta pa kuzima apdeti ya kujiendesha. Yaani ile inayokwenda vizuri unaiacha ilivyo mpaka wewe mwenyewe utake. Kwenye Chrome mtumiaji wa kawaida hapewi swichi hiyo. Lakini usizime ukasahau miezi sita, maana apdeti ndizo zinazoziba matundu. Cha pili, kile kizuia matangazo cha uBlock Origin chenyewe kamili bado kinafanya kazi Firefox. Kwenye Chrome mfumo wa zamani wa ekstensheni uliondolewa kidogo kidogo kati ya 2024 na 2025, ilobaki ni ile ya Lite. Lite si mbaya, ni nyepesi, ila haina nguvu zote.

Ubaya: ukihama na ekstensheni zako saba, umehamisha na kunguni kwenye kitanda kipya. Na wiki ya mitihani si wiki ya kuhama. Nywila, alama za kurasa, mazoea ya vidole, vyote vitakuchelewesha.

Muuza_Ratiba_Fuoni
Profaili mbili ndiyo njia yangu. Nafanya kazi ya kupokea wageni wa hoteli, profaili moja ya kazi haina ekstensheni hata moja zaidi ya kizuia matangazo, nyengine ya nyumbani nimejaza ninachotaka. Kila profaili ina ekstensheni zake na kumbukumbu zake.

Mitego miwili. Ukiifungua hiyo mpya kwa akaunti ile ile ya Google na ukawasha usawazishaji (sync), ekstensheni zote zinakufuata kama paka wa Darajani. Ulinikuta mimi huo, nikatukana kompyuta bure. Wa pili, usizifungue zote mbili kwa wakati mmoja kwenye RAM 4GB.

Steshenari_Madungu
Dirisha la faragha: nyepesi kama sufi! Nimechapa ukurasa mzima, herufi zinafuata kidole. Kwa hiyo ni ekstensheni kweli. Zimebaki sita. Nizizime moja moja? Hapa wateja wananitolea macho.

Fundi_Mlandege
BintiKonde kanisahihisha na kanisahihisha vyema, lile dirisha nililitegemea kupita kiasi.

Usizime moja moja, gawa nusu. Andika chrome://extensions juu pale, zima tatu, acha tatu, chapa dakika moja. Shida ikiondoka, mwizi yumo kwenye tatu ulizozima. Ikibaki, yumo kwenye zilizowaka. Hizo tatu gawa tena. Kwa sita hutofika majaribio manne. Baada ya kila mabadiliko upakie ukurasa upya, la sivyo ile sehemu iloingia mwanzo inabaki humo humo na utahukumu vibaya. Njia hii inakamata kama mwizi ni mmoja. Wakiwa wawili itakuchanganya.

Steshenari_Madungu
Nimemkamata, jaribio la tatu! Ni ya kusahihisha Kiingereza.

Na sasa nimekumbuka kitu, nacheka peke yangu. Jumanne ile ilijizima, kukaja ujumbe kwamba inataka ruhusa mpya, kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote. Mbele yangu yuko mama mmoja na barua ya uhamisho wa mtoto, ana haraka ya gari ya Wete. Nikabonyeza kukubali bila kusoma. Kabla ya hapo ilikuwa inaingia kwenye barua pepe tu. Ndo ikahamia kwenye mitihani. Na mitihani yenyewe ni ya Kiswahili! Kurasa nane, kila neno nyekundu chini. Nimetazama "Eleza maana ya methali zifuatazo", sentensi nzima imepigwa mstari, na "maana" imeniambia labda nakusudia "manna".

BintiKonde
Hapo ndipo penyewe. Chrome huizima ekstensheni ikiomba madaraka zaidi, ili ukae ufikiri. Na hiyo maskini ilikuwa inahangaika kukagua kila neno la lugha isiyoijua, kila ukibonyeza herufi.

Kama bado unaihitaji kwa barua za Kiingereza, usiifute. Bonyeza alama yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, kuna sehemu ya ruhusa za tovuti, chagua ifanye kazi pale tu unapoigonga. Italala mpaka uiite.

Ami_Wete
Na kila ruhusa mpya ikija, tazama mwenye mali bado ni yule yule. Iko ekstensheni ikiitwa The Great Suspender, kazi yake kulaza vichupo ili kuokoa memori, watu wengi wakiipenda. Mwaka 2020 ikauzwa kwa mtu asiyejulikana, Februari 2021 Google wakaitoa dukani kwa kuwa na programu hasidi. Kazi hiyo ya kulaza vichupo siku hizi Chrome na Edge wanayo wenyewe kwenye mipangilio, huhitaji kumkaribisha mtu.

Steshenari_Madungu
Nimeiweka ya kugonga tu. Ya PDF na ya tafsiri nimezifuta, sikumbuki lini nilizitumia. Profaili ya kazi nitaitengeneza Ijumaa baada ya sala duka likiwa kimya, na usawazishaji siwashi, kaka wa Fuoni nimekusikia. Firefox mpaka mitihani ipite.

Mzee_wa_Vikokotoni
Na SSD?

Steshenari_Madungu
Shikamoo mzee wangu. Walimu wakinilipa, inshallah.