Mikwaruzo kwenye mwamba njia ya Mombo–Lushoto: inaweza kutuambia Usambara ilisukumwa kutoka wapi?

mwl_chumbageni
Wakuu habari za jioni. Mimi nafundisha jiografia sekondari hapa Tanga mjini. Tulipanda Lushoto na kidato cha tatu, sasa kwenye kona moja kabla ya Soni, pale mwamba ulipokatwa kupitisha barabara, tukakuta uso wa jiwe umelainika mpaka unang'aa, una mikwaruzo imenyooka yote inaelekea upande mmoja. Nikawaeleza hapo miamba miwili ilisuguana kwenye ufa. Mwanafunzi akauliza, mwalimu tukiipima hii si tutajua milima ilisukumwa kutoka wapi? Nimewahi kusoma kwamba wataalamu wanafanya hivyo ila sijaelewa mkwaruzo unakupaje nguvu iliyokuwepo mamilioni ya miaka nyuma. Na kwa kampasi ya shule inawezekana? Naomba mnifafanulie taratibu, nataka nirudi darasani na jibu la kweli.

jiwe_la_muheza
Mwalimu hongera kwa kuwatoa watoto nje, na huyo aliyeuliza mshike vizuri.

Mkwaruzo mmoja haukupi mkazo, yaani ile nguvu iliyokuwa inaubana au kuuvuta mwamba, unakupa tu jiwe liliteleza kwenda wapi. Msingi wake uliwekwa na Wallace 1951 na Bott 1959: jiwe huteleza kufuata upande ambao msukumo uliolala juu ya uso wa ufa ni mkubwa kuliko pande zingine. Kwa ufa mmoja mikazo chungu nzima inaweza kuacha mkwaruzo uleule, lakini ukipima nyufa nyingi za eneo hilohilo zilizolala kila moja kivyake unatafuta mkazo mmoja tu ambao ungeacha mikwaruzo yote hiyo kwa mpigo, ndo hapo mambo yanabana. Visivyojulikana ni vinne, vitatu ni namna mihimili ya mkazo ilivyokaa (mkubwa, wa kati na mdogo, kila mmoja umesimama mraba na wenzake) na cha nne ni uwiano kati yao. Kwa hiyo nyufa nne ndo chini kabisa, ila watu hupima makumi. Mfaransa Jacques Angelier aliiendeleza sana hesabu hii kuanzia miaka ya 1970, na siku hizi kuna programu ya Win-Tensor ya Mbelgiji Damien Delvaux, ambaye amefanya kazi hii hapahapa kwetu bonde la Rukwa.

Kampasi inatosha mwalimu, ongeza kitu cha kupimia mwinamo, hata simu. Andika ufa umeelekea wapi, umeinama digrii ngapi, mkwaruzo una pembe gani na mstari wa mlalo, na kipande kilichotoka kilienda wapi. Hiyo ya mwisho papasa kwa kiganja kama unavyompapasa samaki, ukienda kichwa kwa mkia analainika na ukirudi magamba yanakukwama. Upande unaolainika mara nyingi ndo kile kipande kilikoelekea, hasa kama kuna vingazi vya madini yaliyoota wakati wa kuteleza, bila madini usiamini sana.

binti_korogwe
Naongezea kidogo. Mkipata nyufa mbili zimekatana kama herufi X na mna uhakika ni za wakati mmoja hamhitaji kompyuta. Pembe yao nyembamba huwa kama digrii 60 na mkazo mkubwa unapita katikati yake. Mkazo mkubwa ukiwa wima ujue ardhi ilikuwa inavutwa, ukiwa mlalo na ule mdogo ndo wima ilikuwa inabanwa. Hii ni ya Anderson, 1905.

fundi_ramani
Wote mmesema vizuri ila jamani msimpeleke mwalimu darasani na jibu la Himalaya, kana kwamba mikwaruzo hiyo ni ya mabara kugongana na kuinua milima. Mwamba wa Usambara ulipikwa kama miaka milioni 640 iliyopita mabara yalipogongana, na ulikuwa chini zaidi ya kilomita 30 kwenye joto la digrii 800 hivi. Jiwe la moto namna hiyo linajikunja na kutiririka taratibu, halipasuki likaacha mikwaruzo. Mikwaruzo aliyoiona imekuja baadaye sana mwamba umeshapanda na kupoa, labda enzi za Karoo (zile za kabla ya chokaa ya Jurasiki), labda Madagaska ilipojitenga na Afrika zama za Jurasiki, yaani enzi za dinosaria, labda bonde la ufa lilipoanza kufunguka, na zote hizo ni za kuvutwa. Kwa hiyo ule mgongano uliojenga mwamba unasomwa kwenye mikunjo na mistari ya madini ndani ya jiwe, sio kwenye ufa unaong'aa.

mwl_chumbageni
Asante sana fundi, hapo umenifungua. Sasa nitajuaje ufa ni wa enzi ipi?

fundi_ramani
Kwa kinachokatwa, mwalimu. Ufa uliokata chokaa ya Amboni lazima uwe mdogo kwa umri kuliko chokaa yenyewe, ambayo ni ya Jurasiki. Uliokata mchanga-mwamba wa Karoo halafu ukafunikwa na chokaa bila kuikata, huo uko katikati. Kwenye naisi tupu ya Soni (ule mwamba wa zamani uliopikwa) huna kipimo hicho, hivyo angalia kama uso mmoja una mikwaruzo ya pande mbili, ipi imepita juu ya ipi, kisha tenga makundi kabla ya hesabu yoyote. Ukichanganya nyufa za enzi mbili programu itakupa jibu tu, tena safi, na litakuwa la mkazo ambao haujawahi kuwepo. Na ukubwa wa nguvu usiwaahidi watoto, njia hii inatoa uelekeo na uwiano basi.

jiwe_la_muheza
Na safari nyingine mwalimu wasigonge nyundo kwenye uso wenyewe, wapige picha kampasi ikiwa pembeni ya mkwaruzo. Mkishapima tupia namba hapa tuzichore pamoja.