Naomba ushauri: matokeo ya wanafunzi kwenye ChatGPT

Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ya mitihani, chuo cha kati hapa Dar, watumishi wanabandika majedwali ya Excel yenye matokeo kwenye ChatGPT (programu ya akili bandia) ili waandikiwe ripoti. Tumefuta majina na kuzima setingi inayoruhusu mazungumzo kufundishia programu hiyo. Bado namba za usajili zinabaki kwenye kolamu zilizofichwa (kuficha si kufuta). Gumu zaidi ni madarasa madogo: watu 9, jinsia na umri tu vinatosha kumtambua mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana.

Mnaweka kikomo cha chini cha watu wangapi kwa kundi kabla jedwali halijatoka ofisini? Na ridhaa ya mwanafunzi mnaichukua wakati wa usajili, au kila matumizi?