Mrejesho: Kuni za bure za kuotea moto, Njombe

Ndugu zangu, mwaka jana niliomba ushauri wa kupata kuni za bure na kuzikausha kabla ya baridi ya Juni, nawashukuru sana. Mwenye shamba la miwati (miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake) aliniruhusu kuokota matawi yaliyobaki baada ya magome kubanduliwa, nami nikayapasua yakiwa mabichi, nikayapanga juu ya mawe yasiguse udongo, nikaezeka bati juu tu na kuacha pembeni wazi ili upepo upite. Sasa yana nyufa kwenye ncha, yanawaka vizuri na moshi ni kidogo mno. Mkaratusi, hata hivyo, ungali ukitoa povu motoni, yaani bado una unyevu, hivyo nimeurudisha juani. Mabanzi ya paina yalikauka upesi, ila huteketea haraka. Nayatumia kuwashia tu.