MJADALA: Chupa ya mvinyo inashindwaje kuvuka kutoka Chicago kuja Michigan?

Mzabibu wa Mpunguzi (mleta mada)

Wakuu, habari za huko mliko. Naishi Grand Rapids, Michigan, huu mwaka wa tisa. Mwezi uliopita nilitaka kumshtukiza mke wangu. Enzi tunasoma Cape Town alipenda sana Pinotage, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, ya shamba moja dogo la Stellenbosch. Hapa mjini nimezunguka maduka matano, wapi! Nikaiona kwenye tovuti ya duka moja la Chicago, jimbo la Illinois, dola 24. Nikaweka kwenye kikapu, nikaandika anwani yangu, mashine ikagoma. Nikapiga simu. Dada aliyepokea akanijibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kulisema hilo tangu asubuhi: Michigan hatutumi, ni sheria ya kwenu.

Chicago ni saa tatu kwa gari kutoka mlangoni kwangu. Kiatu kitakuja, dawa itakuja, hata kisu cha kuchinjia mbuzi kitakuja. Mvinyo hauji.

Nikaanza kuchimba. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920. Mwaka 1933 Marekebisho ya 21 ya Katiba yakaifuta marufuku hiyo, ila kifungu chake cha pili kikaliachia kila jimbo liamue pombe iingieje kwake. Majimbo mengi yakajenga ngazi tatu: mwenye kiwanda anamuuzia msambazaji, msambazaji anamuuzia mwenye duka, mwenye duka anakuuzia wewe. Nia yenyewe siilaumu. Zamani viwanda vya bia vilikuwa vinamiliki baa na kumsukumia mnywaji glasi mpaka mshahara uishe, ndiyo maana wakataka mtu akae katikati.

Shida ni huyo wa katikati. Baba yangu ana ekari mbili za zabibu pale Mpunguzi, Dodoma. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu wimbo ni uleule: zimeiva, hazisubiri, na wanaonunua wakakamue mchuzi ni wa kuhesabu kwa vidole. Ukikosa mnunuzi unauza kwa bei ya kutupa au unaanika. Kwa hiyo nikiambiwa kuna mtu kakaa katikati, na mwenye shamba hana njia nyingine ila kupitia kwake, sihitaji profesa wa kunifafanulia. Marekani sasa ina viwanda vya mvinyo zaidi ya 10,000, vingi ni vya familia. Msambazaji mkubwa hana haja na mtu wa katoni 300 kwa mwaka.

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kesi moja. Inaitwa Granholm v. Heald, kwa jina la Jennifer Granholm aliyekuwa gavana wa hukuhuku Michigan. Iliunganishwa na kesi ya New York, ambako mmoja wa walalamikaji alikuwa Juanita Swedenburg, mama mwenye shamba la mvinyo Virginia. Alitaka tu kuwatumia wateja wa New York chupa zake. Majaji wakagawanyika 5 kwa 4, wakasema: jimbo likiruhusu viwanda vyake kumtumia mnywaji moja kwa moja, haliwezi kuvizuia vya majimbo mengine. Ama wote, ama hakuna. Michigan ikafungua. Utah ikabaki imewafungia wote.

Watu walishangilia, na mimi ningeshangilia. Lakini soma tena hukumu hiyo uone imempa nani haki. Imempa mwenye kiwanda. Mnywaji ameokota tu, kama kuku anavyookota punje mtama ukipepetwa. Leseni za kutuma moja kwa moja kwa kawaida ni za viwanda vya Marekani. Mvinyo wa Stellenbosch, au wa kwetu Dodoma, ukishaingia nchi hii unauzwa na duka, na duka la jimbo jingine limefungiwa katika majimbo mengi.

Hoja yangu: haki iandikwe kwa jina la mnunuzi. Mtu mzima wa miaka 21, popote alipo, anunue kwenye duka lolote lenye leseni, na kodi ilipwe jimbo analoishi. Nakosea wapi?

Kichwa Maji TX

Nimesoma yote hayo kumbe ni pombe! Dola 24 ungemtumia mzee wako huko Mpunguzi.

Mzabibu wa Mpunguzi

Mkuu, hiyo pombe unayoicheka ndiyo iliyonilipia ada mpaka nikajua kukuandikia.

Mama Duka

Wacha nikuambie ukweli ndugu yangu, na usikasirike. Mimi na bwanangu tuko na duka la pombe na vyakula hapa Michigan, miaka sita. Huyo msambazaji unayemtukana, mimi pia hunikera. Analeta siku anayotaka yeye. Lakini kuna kitu hukusema. Hapa lazima atangaze bei zake kwa jimbo na aniuzie mimi bei ileile anauzia supamaketi kubwa. Hakuna kupunguziwa ati kwa sababu umebeba lori nzima. Hiyo ndiyo inafanya duka kama langu liwe bado wazi. Sasa ukifungulia duka la Chicago ambalo linanunua kwa wingi na kupunguziwa, lilete mpaka mlangoni kwa jirani yangu, mimi nitauza nini? Chumvi?

Na leseni nimelipia. Kijana akija bila kitambulisho namrudisha. Nikikosea nafungiwa, yule wa Chicago watamfungia na kufuli gani?

Wakili wa Kibarazani

Mama Duka bila kujua amesema hoja iliyoshinda mahakamani. Mwaka 2016 Michigan ilirekebisha sheria yake, ikaruhusu maduka yake kupeleka mvinyo nyumbani kwa wateja kote jimboni, na kuyanyima ruhusa hiyo maduka ya nje. Duka moja la Indiana likashtaki, kesi ikaitwa Lebamoff v. Whitmer. Mahakama ya chini ilikubaliana nalo. Mahakama ya rufaa ya shirikisho, ile ya mzunguko wa sita inayosikiliza kesi za Michigan, ikaipindua hukumu mwaka 2020. Ilisema ukiruhusu duka la nje limrukie msambazaji wa ndani, mpango mzima wa bei na udhibiti unavuja. Januari 2021 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Kwa hiyo Michigan ilipigwa kwa habari ya viwanda, ikashinda kwa habari ya maduka.

Ila isishangilie sana. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu hiyohiyo, 7 kwa 2, iliivunja sheria ya Tennessee iliyodai mtu awe mkazi kwa miaka miwili ndipo apewe leseni ya duka la pombe. Kulikuwa na mume na mke waliohama Utah kwenda Memphis, wakanunua duka, chama cha wenye maduka kikawakalia kooni. Majaji walisema jimbo lioneshe kuwa linalinda afya na usalama, na kwamba kulinda wenyeji wasishindwe kibiashara hakutoshi. Hizo hukumu mbili hazilali kitanda kimoja, na siku moja itabidi zipatanishwe.

Mleta mada, kosa lako ni moja. Unaandika kana kwamba haki hii ipo mahali imefichwa. Haipo. Inaombwa bungeni kwenye jimbo. Massachusetts ilifungulia viwanda vya nje Januari 2015, na aliyelipigia kelele zaidi ni Drew Bledsoe, mchezaji wa zamani wa timu yao ya kandanda ya Kimarekani, ambaye alikuwa ameanzisha kiwanda cha mvinyo Walla Walla, jimbo la Washington, na hawezi kuwatumia mashabiki wake walewale waliompenda. Tafuteni mtu wa namna hiyo.

Dereva wa Vifurushi

Ngoja niwape ya barabarani maana ninyi mnabishana mkiwa mmekaa. Kwanza posta ya Marekani imekatazwa kubeba pombe tangu 1909, kwa hiyo mzigo wote unakuja kwetu wa makampuni binafsi. Boksi lina kibandiko: saini ya mtu mzima wa miaka 21. Nagonga, hakuna mtu, yuko kazini. Nalirudisha kwenye gari. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mwezi wa saba, nyuma ya gari kuna joto la kupikia mandazi. Mteja akija kuupokea siku ya tatu, ule si mvinyo tena, ni siki ya kachumbari.

Kuhusu watoto, mimi sijawahi kukabidhi kwa mtoto, ila siwezi kula kiapo kwa niaba ya kila mwenye gari. Mtu ana vituo 180 kwa siku na msimamizi anampigia simu. Mkiandika sheria, andikeni na muda wa yule anayegonga mlango.

Binti Shela

Mimi sinywi, na sitajifanya dini yangu haina neno hapa. Lakini nitazungumza na ninyi kwa hoja zenu wenyewe. Kaka Mzabibu unasema kiatu kinakuja, mvinyo hauji, kana kwamba ni vitu vya aina moja. Katiba ya hawa watu imeipa pombe marekebisho mawili, moja la kuikataza na moja la kuirudisha chini ya macho ya majimbo. Kiatu hakijaua mtu barabarani. Mimi nimo Minneapolis, mwanangu ana miaka 19, anaishi na wenziwe wanne. Duka la karibu wanamjua sura. Boksi likija pale, nani wa kumjua?

Mzabibu wa Mpunguzi

Dada, hofu yako naiheshimu, na hiyo ya barabarani sina jibu la kejeli. Lakini hili la vijana lilichunguzwa. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa ripoti Julai 2003, ikawauliza maofisa wa majimbo yaliyokuwa tayari yanaruhusu. Kwa jumla walijibu kwamba vijana kuagiza mvinyo halikuwa tatizo kubwa kwao. Anayetaka kulewa Ijumaa usiku haagizi chupa ya dola 24 akaisubiri wiki. Ripoti hiyohiyo ilipima mji wa McLean, Virginia, ikakuta asilimia 15 ya mvinyo maarufu walioutafuta haukuwa kwenye duka lolote ndani ya maili 10. McLean ni mji wa matajiri, jamani. Je, sisi huku?

Binti Shela

2003 mwanangu hajazaliwa. Siku hizo hakukuwa na simu ya kubonyeza ukaletewa wali na bia kwa pamoja. Ripoti ya zamani hainitulizi.

Dereva wa Vifurushi

Hapo dada kanena. Lakini na yeye ajiulize: maduka ya humuhumu Michigan si yanaletea watu nyumbani? Mlango ni uleule, kijana ni yuleyule. Kama hatari iko mlangoni, mbona ya Detroit inapita na ya Chicago inazuiwa?

Mama Duka

Haya, mmenishika. Hata mimi hutuma. Tulianza wakati wa korona na hatujaacha.

Lakini swali la ushuru bado. Mimi kila mwezi naandika, nalipa. Huyo wa mbali nani atamfuata?

Wakili wa Kibarazani

La kodi ya mauzo limekwisha tangu Juni 2018, kesi ya South Dakota v. Wayfair. Jimbo linaweza kumlazimisha muuzaji wa mbali akusanye kodi hata kama hana duka wala ghala ndani yake. Viwanda vinavyotuma mvinyo vinachukua leseni ya jimbo linalopokea, vinaleta ripoti, vikidanganya vinanyang'anywa. Duka la Chicago linaweza kufungwa kamba hiyohiyo. Hoja yako ya bei ndiyo nzito, Mama. Hii ya ushuru iache.

Mzabibu wa Mpunguzi

Hoja ya bei imenikaa. Nikiri kwamba nilikuwa sijui msambazaji wa hapa analazimishwa bei moja kwa mkubwa na mdogo. Dodoma tungepata sheria kama hiyo tungecheza ngoma. Kwa hiyo sitaki kuibomoa ili mimi nipate Pinotage. Basi tuweke kikomo. Virginia, kwa mfano, kiwanda kinaruhusiwa kumtumia mtu katoni mbili kwa mwezi. Kwa maduka ya nje iwe chini ya hapo, hata katoni sita kwa mwaka. Hakuna duka litakufa kwa hilo.

Mama Duka

Mimi naona hivi: kitu msambazaji wa hapa hana, kije kutoka popote. Kitu kiko hapa, kinunuliwe hapa. Nani atakataa hiyo?

Mzabibu wa Mpunguzi

Mimi. Orodha ya vilivyopo anaitunza nani? Msambazaji. Ataandikisha jina la kila mvinyo duniani, ghalani awe na chupa moja yenye vumbi, na wewe ukimwomba atakwambia meli iko njiani. Nimeona wanunuzi wa zabibu wakifanya hivyo na mizani.

Wakili wa Kibarazani

Weka muda. Asipoleta ndani ya siku 30, mlango unafunguka.

Kichwa Maji TX

Siku 30 kusubiri chupa moja. Si uendeshe tu hizo saa tatu, bwana.

Mama Duka

Mzabibu, leta jina la hiyo Pinotage nimuulize wangu. Najua atasema lazima nibebe katoni nzima. Chupa 12. Wewe utachukua ngapi?

Mzabibu wa Mpunguzi

Sita. Bei?

Mama Duka

Sijui bado. Lakini sahau dola 24.