Mjadala: Umeme kufundishwa kwa mfano wa maji, tunamsaidia mwanafunzi au tunampoteza?

Wakuu salaam, mimi nafundisha fizikia sekondari huku Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Ofisini kwetu kumezuka ubishi mkali, mwalimu mwenzetu anasema hii mifano ndiyo inaharibu watoto, tuwape kanuni ya Ohm tu, V ni sawa na I mara R (yaani volti ni mkondo mara ukinzani), wapige maswali mpaka mtihani wa taifa wa NECTA, habari za umeme ni kama maji ziishie shule ya msingi. Napinga kabisa na naomba tulijadili.

Mtoto wa Rungwe maji ya mserereko anayajua toka hajaanza shule. Tenki likiwa juu kabisa mlimani, bomba la bondeni linatoka kwa presha, likiwa karibu usawa mmoja na bomba yanachuruzika tu. Ukimwambia volti ni ile tofauti ya kimo, mkondo ni maji yanayopita na ukinzani ni wembamba wa bomba, anakutajia mwenyewe volti ikiongezeka kitatokea nini, hata fomula hujaandika ubaoni.

Ila mwenzetu ana hoja moja nzito, kwamba mtoto anabaki anaamini mkondo unaishia kwenye balbu. Kweli kabisa, wengi wanaamini hivyo. Lakini dawa yake ni kuupeleka mfano mpaka pale unapogoma. Chukua ameta, kile kipima mkondo, uiweke kabla ya balbu, wasome, halafu ihamishie upande wa pili wa balbu, inasoma vilevile, hapo darasa zima litabishana na ndicho tunachotaka! Mkondo haujapungua, ni nishati imegeuka joto na mwanga. Kisha kata waya. Bomba likikatwa maji yanamwagika, waya ukikatwa mkondo unakoma saketi nzima.

Na wanaosema mifano ni ya watoto wamwangalie Sadi Carnot, Mfaransa, mwaka 1824 aliifikiria injini ya mvuke kwa kuifananisha na maporomoko ya maji, joto linashuka toka kwenye moto kwenda kwenye ubaridi na njiani linafanya kazi. Akagundua ufanisi wa juu kabisa unategemea halijoto mbili tu, ya kule linakotoka na ya kule linakoenda, na tunalifundisha mpaka leo. Ila mfano huohuo ulimpoteza, akachukulia joto lote linafika chini kama maji, kumbe sehemu yake inageuka kazi, hiyo ikaja kunyooshwa na mwanafizikia Mjerumani, Clausius, mwaka 1850. Sasa Carnot angekatazwa mfano kwa sababu haukufika mwisho, ile nusu sahihi tungeipataje?

Walimu wa hesabu na nyie mje. Namba hasi mnaifundisha kwa deni, kwenye kujumlisha inakubali vizuri, ila hasi 3 mara hasi 2 kuwa chanya 6 mnaielezaje kwa deni? Mnauacha mfano pale, au mnamwonyesha mwanafunzi umegomea wapi?