Mrejesho: Chumba cha peke yangu au kushea hosteli, Tabora

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri: nimetoka Kasulu kuja chuo hapa Tabora, je, nipange chumba cha peke yangu Ipuli au nikae hosteli, wanne kwa chumba, vitanda vya deka? Wengi mlisema geto, yaani chumba cha peke yangu, nisome kwa utulivu. Nimechagua hosteli.

Kilichoamua ni kodi. Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, na mkopo wa Bodi ya Mikopo huja kwa awamu. Hapo bado godoro, jiko la gesi, umeme wa LUKU na maji.

Yule dada aliyesema tukubaliane wiki ya kwanza, kabla hatujakwazana, Mungu ambariki. Tulikaa wote wanne: taa kubwa inazimwa saa tano usiku, simu ndefu zinapigwa nje, mgeni haji bila taarifa, ndoo ya mtu haiguswi bila kuomba. Mwenzetu anayeamka kuswali alfajiri aliomba kitanda cha chini karibu na mlango, akapewa.

Kelele zipo, siwafichi. Karibu na mitihani nahamia maktaba. Ila nilipougua malaria, ni hawa walionichotea maji na kunipeleka zahanati usiku. Kwa mwaka wa kwanza mbali na nyumbani, hilo kwangu linazidi utulivu wowote.

Geto nalitaka mwaka wa tatu, nikiandika ripoti. Mwenye kujua chumba Cheyo au Kanyenye kinacholipiwa miezi mitatu mitatu, naomba anishtue mapema.