Dalali ananiuzia "Defender ya 1976". Wajuzi wa Land Rover naombeni ushauri

Mkulima_Mbulu:
Wakuu, habari za majukumu. Natafuta gari ya shamba. Huku Mbulu mvua ikishika, kirikuu hakitoki na bodaboda anakataa safari. Dalali mmoja wa Arusha kanionyesha Land Rover ndefu ya kijani, ya petroli, kioo cha mbele kimegawanyika katikati. Anasema ni Defender ya 1976, iliundwa kwa ajili ya vita, na bodi yake haishiki kutu milele kwa hiyo nisijisumbue kukagua. Kadi ipo. Gari nimeipenda, ila maneno yake yamezidi. Nichukue?

Fundi_Spana:
Mkuu, Defender ya 1976 haipo duniani. Jina hilo limeanza 1990. Discovery ilitoka 1989, ikabidi na ile ya zamani ipewe jina lake. Kabla ya hapo ilikuwa One Ten (1983) na Ninety (1984) basi. Kioo cha vipande viwili, taa ziko kwenye madigadi? Hiyo ni Series III, zilitengenezwa 1971 hadi 1985, na kwa urefu huo ni 109, yaani inchi 109 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Inama uchungulie chini: ukikuta springi za bapa zilizolaliana ni Series, maana One Ten inakalia koili. Si gari mbaya hata kidogo, ila usilipe bei ya Defender.

Babu_wa_109:
Na hiyo ya vita kakupiga kamba. Gari ya vita ni Jeep. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na alikuwa akiitumikisha Jeep iliyobaki baada ya vita. Mwaka 1947 akaona bora watengeneze ya kwao. Nduguye Spencer ndiye aliyekuwa bosi wa kampuni, na husimuliwa kwamba mchoro wa kwanza Maurice aliuchora mchangani, ufukweni. Ya majaribio ilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, usukani ukiwa katikati kama trekta! Ikaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mteja waliyemlenga ni mkulima, ndiyo maana ilikuwa na PTO ya kuzungushia mashine za shamba. Kwa hiyo kazi unayotaka kuipa ndiyo iliyoizaa.

Mkulima_Mbulu:
Shukrani babu. Na la kutu je?

Fundi_Spana:
Hapo ndipo watu wanapolia. Bodi ni aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kule Uingereza kilikuwa cha mgao. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma pia. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu inaliwa, utaona rangi imevimba na ndani yake unga mweupe.

Nenda na nyundo ndogo na bisibisi. Lala chini, anza kugonga boriti ya nyuma kabisa, kisha pale springi zinapofungwa, halafu fuata chesisi hadi mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Hapo sukuma bisibisi. Ikizama, vaa viatu uondoke. Ukikuta imepakwa lami mbichi chini, jiulize kwa nini imepakwa wiki hii.

Mama_Landi:
Kaka, kabla ya yote linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye kadi. Nyingi zimeshavuliwa ile injini ya lita 2.25 na kuwekwa ya Kijapani, kadi haijui. Utakuja kuteseka siku ya kubadilisha umiliki. Na kama ni ile yenyewe, jua inakunywa. Za kuanzia 1980 zina beringi kuu tano za kushikilia krenki, za kabla ya hapo tatu tu, kwa hiyo ya 1976 usiikimbize sana. Spea zisikutishe, Arusha Land Rover zimejaa. Ndiko walikofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, wakitaka kuvunja rekodi ya Wajerumani ya msafara wa magari 632.

Kijana_Thika:
Muulize pia kama ilitoka huku Kenya. Kiwanda cha Leyland Kenya hapa Thika kilikuwa kikiunganisha Land Rover enzi hizo, na zingine zilivuka mpaka. Angalia kama ushuru ulilipwa.

Mzee_wa_Mkonga:
Sisi wa Land Cruiser tunawasoma tu 😂

Babu_wa_109:
Soma vizuri. Gari yenu iliitwa Toyota Jeep hadi wenye jina la Jeep walipolalamika. Jina la Land Cruiser lilichaguliwa 1954 makusudi lisionekane dogo mbele ya Land Rover.

Mzee_wa_Mkonga:
Sawa babu, ila sisi hatutembei na bisibisi 😂😂

Mkulima_Mbulu:
Wakuu, nimempigia dalali nikamwambia nakuja na fundi kugonga chesisi. Kaniambia mwenye gari hataki igongwe, rangi itabanduka.

Mama_Landi:
Rangi ya chesisi? 🙄

Fundi_Spana:
Achana nayo. Kuna 109 nyingine Karatu, ya mzee mmoja, haijapakwa kitu chini, na kugonga ruksa. Njoo PM nikupe maelekezo.